Kuunda tangi la petroli la pikipiki kwa bati: kuanzia karatasi hadi jaribio la uvujaji

Tangi la pikipiki hupinda pande mbili kwa pamoja: linapinda kutoka mbele kwenda nyuma, na papo hapo linapinda kutoka juu kwenda ubavuni. Bati bapa halina ugomvi na kupinda upande mmoja. Unalizungusha kwenye bomba kwa mikono na linakaa. Likitakiwa kupinda pande mbili, lazima eneo lake libadilike: ama katikati itanuke, ama kingo zisinyae. Njia ya tatu hakuna. Anayeanza kugonga kabla ya kujua wapi patanuke na wapi pasinyae huishia na bati lenye mabonde, limekakamaa, na bado halikai kwenye umbo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kwa karatasi na mbao kabla nyundo haijashikwa.

Bati la kununua

Kwa tangi la kwanza chukua bati la chuma laini la milimita 1.0, lenye uso mlaini wa kijivu, lisilopakwa zinki. La milimita 0.8 hutii nyundo upesi, lakini ukishalitanua huwa jembamba kiasi kwamba moto wa kuchomelea hulitoboa. La 1.2 hutoa tangi imara ila linachosha mkono, na kingo zake ni ngumu kusinyaza. Bati la zinki liache kabisa: zinki ikiungua hutoa moshi unaoleta homa, na mshono hujaa vitundu. Chuma kisichoshika kutu nacho hukakamaa haraka mno kwa mtu anayejifunza.

Alumini ya milimita 1.6 hadi 2.0, aina ya 1100 au 3003, ni tamu kuifanyia kazi na ni nyepesi. Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 1 ina kilo 7.85, na ya alumini ya milimita 2 ina kilo 5.4. Sharti lake ni mashine ya TIG, yaani ya kuchomelea kwa cheche ya ncha ya tungsteni iliyokingwa na gesi ya argoni, yenye umeme wa AC, na mkono uliozoea kuitumia. Kama huna, baki kwenye chuma.

Tangi la lita 12 hadi 14 hula kama mita za mraba 0.65 za bati. Nusu ya bati la kawaida, yaani sentimita 122 kwa 122, inatosha na kubakiza vipande vya mazoezi na nafasi ya kurudia ubavu mmoja ukiharibika. Usinunue kwa kubana; kipande kilichopasuka ukingoni hakirudi kuwa kipya.

Vifaa

Nyundo mbili za mbao ngumu au plastiki ngumu: moja yenye kichwa kilichochongwa mviringo, nyingine bapa yenye kingo zilizolainishwa. Mfuko wa ngozi au turubai nene, sentimita 35 kwa 35, ujazwe mchanga mkavu uliochekechwa hadi robo tatu tu. Ukiujaza pomoni unakuwa mgumu na bati halipati pa kuzama. Gogo la mti mgumu lenye kishimo cha upana wa sentimita 12 hadi 15 na kina cha sentimita 2 au 3. Nyundo ya bodi ya chuma, na doli mbili, yaani vipande vya chuma vizito vyenye uso laini ambavyo huvishika nyuma ya bati unapogonga mbele: moja karibu bapa, moja yenye mgongo.

Nyuso za nyundo ya chuma na za doli zing'arishwe kwa msasa wa 400 au mlaini zaidi. Mkwaruzo wowote uliomo humo utajichapa kwenye bati kila unapogonga.

Ongeza mkasi wa bati wa kukata kushoto na wa kulia, tupa, jiriwa, klampu ndogo zisizopungua nane, glavu, miwani na vizibo vya masikio. Kelele ya nyundo juu ya doli huumiza masikio polepole bila wewe kugundua.

Kifaa kimoja utakitengeneza mwenyewe: uma wa kutilia marinda, yaani mikunjo ya kusinyazia ukingo wa bati. Chukua nondo mbili laini za milimita 10, zenye urefu wa sentimita 15 hivi, zichonge zipungue kuelekea ncha, kisha zichomelee sambamba kwenye kipini zikiachana milimita 3 au 4. Gurudumu la kusawazishia bati likipatikana litaokoa muda, lakini tangi zuri kabisa hutoka bila hilo.

Pima ukiwa kwenye pikipiki

Zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, na uweke alama pale unapofika pamoja na swichi, kebo na mikono ya klachi na breki. Tangi likae mbali na alama hizo kwa milimita 25. Juu ya injini acha nafasi ya namna hiyo hiyo ili joto lisogee na plagi itoke. Handaki la chini, yaani mfereji unaopanda juu ya bomba la fremu, liache milimita 12 kila upande kwa ajili ya nyaya, kebo na mtikisiko. Handaki linalobana ndilo hutoboa tangi baada ya miezi: bati husugua fremu mahali usipopaona.

Kadiria ujazo mapema. Boksi la sentimita 50 kwa 25 kwa 20 ni lita 25, lakini ukiviringisha mabega na kutoa handaki hubaki nusu yake au zaidi kidogo. Hesabu ya uhakika ni hii: chora umbo la tangi lilivyo likikatwa kwa upana kila baada ya sentimita 5, kwenye karatasi ya miraba, hesabu eneo la kila mchoro kwa sentimita za mraba, toa eneo la handaki, zidisha kwa 5, kisha jumlisha zote. Sentimita za ujazo 1,000 ni lita moja. Lita ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.75, hivyo lita 13 ni takriban kilo 10 zinazotikiswa muda wote. Kumbuka uzito huo utakapofika kwenye vishikizo vinavyolifunga tangi kwenye fremu.

Kalibu ya mbao

Michoro ile ile ikate kwenye plaiwudi ya milimita 12, uipange kwenye uti mmoja wa mbao kila baada ya sentimita 5. Hiyo ndiyo kalibu. Kazi yake ni kupimia tu. Ukigonga bati juu yake, mbao zitaanza kubonyea na kipimo chako kitakuwa kinabadilika kila siku. Kata kila kibao cha kushoto na cha kulia vikiwa vimebanwa pamoja, la sivyo tangi litakuwa na bega moja lililonenepa. Macho huona tofauti ya milimita 3 kati ya mabega mawili ukiketi kwenye pikipiki, hata kama rula haikuonyesha mapema.

Paka kingo za vibao chaki ya rangi. Kila ukilaza bati juu ya kalibu na kulisugua kidogo, chaki itaacha alama upande wa ndani pale linapogusa. Palipobaki pasafi, bati limenyanyuka.

Tazama kalibu hii ikiwa juu ya fremu, kwa siku mbili tatu, ukiwa mbali na ukiwa karibu. Kubadilisha plaiwudi ni kazi ya dakika chache.

Mshono ukae wapi

Mgawanyo unaomfaa anayeanza ni vipande vinne: mbavu mbili, kipande cha juu kinachoshuka mbele na nyuma, na sakafu yenye handaki. Wengine hugawa tangi katika nusu mbili zinazokutana katikati ya mgongo. Mshono wa katikati ni rahisi kuupanga, ila ubavu mzima pamoja na bega lake lazima utoke kwenye bati moja, na hapo kusinyaza kunakuwa kwingi.

Usiweke mshono juu ya kona kali ya bega. Usogeze milimita 15 hadi 25 kutoka konani, mahali ambapo bati limetulia. Mshono wa konani hauwezi kugongwa vizuri juu ya doli, na ukiusaga kwa grainda unapunguza unene pale pale panapobeba mzigo. Kisha jiulize kuhusu kila mshono: je, mkono wenye doli utafika nyuma yake? Kwa mshono wa juu jibu liwe ndiyo. Mshono wa sakafu ndio wa mwisho kufungwa na hautafikika kwa ndani, kwa hiyo usitegemee kuusawazisha; uweke chini kwenye ukingo, ambako hauonekani.

Karatasi ndiyo ramani

Laza karatasi ngumu ya kufungashia juu ya kalibu, mahali pa ubavu mmoja, uibane kwa pini. Ibonyeze ifuate umbo. Itafanya mambo mawili. Kwenye kingo itajikunja marinda: karatasi imezidi pale, na bati pia litazidi, kwa hiyo pasinyazwe. Sehemu nyingine itakaza na kukataa kulala mpaka uipasue kwa wembe: imepungukiwa, na bati litapungukiwa, kwa hiyo patanuliwe. Pasua panapodai, kunja panapodai, kisha andika juu ya karatasi yenyewe: "sinyaza" kwenye marinda, "tanua" kwenye mipasuko. Pima upana wa kila mpasuko na kila rinda. Mpasuko uliofunguka milimita 6 unakuambia kuwa bati pale litarefuka milimita 6.

Ubavu wa kawaida wa tangi lenye umbo la tone la maji huonyesha marinda pande zote za bega la mbele, tumbo la katikati lenye kutaka kutanuliwa kidogo, na kiuno cha pajani, pale magoti yanapokaa, ambacho kinapinda kwa ndani huku urefu wake ukipinda kwa nje. Hicho kiuno ndicho kigumu. Kama ni tangi lako la kwanza, punguza kina chake hadi sentimita moja au kiache bapa.

Hamisha karatasi kwenye bati, ongeza milimita 20 kuzunguka, kata. Kabla ya lolote lingine, pitisha tupa kwenye ukingo mzima mpaka kidole kisikwaruzike. Kila jino dogo lililoachwa na mkasi ni mwanzo wa ufa, na ufa huo hutokea mwishoni, umbo likiwa limekaribia kukamilika. Chora pia mistari ya kila sentimita 5 ili ujue ni wapi kwenye bati panalingana na wapi kwenye kalibu.

Kutoa umbo

Anza na kipande cha mazoezi cha sentimita 30 kwa 30 mpaka upate bakuli la kina cha sentimita 4 lenye ukingo uliotulia. Mkono utajifunza hapo kile ambacho maandishi hayawezi kuufundisha.

Kwenye ubavu wenyewe, weka bati juu ya mfuko, unyanyue ukingo ulio upande wako kidogo ili sehemu unayogonga ielee juu ya bonde la mchanga. Gonga kwa nyundo ya mviringo, kwa uzito wa nyundo yenyewe, kila pigo likifunika nusu ya lililotangulia. Pita eneo lote la tumbo mara moja kwa nguvu ile ile, kisha simama upime. Usikae mahali pamoja ukitafuta kina. Ukifanya hivyo unatengeneza kitovu ambacho ni chembamba na ni vigumu kukifuta. Bati litaonekana baya, limejaa matuta, na ndivyo lilivyo katika hatua hii. Angalia umbo la jumla tu.

Kadiri katikati inavyozama, kingo zitaanza kupiga mawimbi. Mawimbi hayo ndiyo yale marinda ya karatasi. Wengi huyalaza bapa kwa nyundo juu ya chuma, na kwa kufanya hivyo wanautanua ukingo uliokuwa unataka kusinyaa. Tumbo linarudi bapa na kazi ya saa nzima inapotea.

Wimbi dogo lifungie kwenye kishimo cha gogo: laza bati mgongo ukiwa juu, wimbi likiwa juu ya mti, ligonge taratibu kwa nyundo bapa ya mbao. Mbao haitanui bati kama chuma kinavyofanya, hivyo wimbi linalazimika kujimeza lenyewe.

Panapotaka kusinyazwa sana, tumia uma. Ingiza ukingo wa bati katikati ya meno yake kwa kina cha sentimita 4 hadi 6, usokote kipini upande mmoja, kisha upande wa pili, upate rinda lililosimama lenye mdomo mpana ukingoni na ncha inayofifia ndani. Banisha mdomo wake kidogo ili lisifunguke. Sasa gonga kuanzia kwenye ncha ya ndani ukielekea ukingoni, juu ya gogo au doli, kwa mapigo mafupi ya karibu karibu. Chuma hakina pa kukimbilia. Kinajisukuma ndani yake na kuwa kinene. Ukianzia ukingoni, rinda hufunguka na umerudi ulikotoka. Ukilifanya refu na jembamba kupita kiasi, linalalia upande mmoja na kujikunja juu ya bati. Likianza kulala, acha kugonga, lifungue, uanze rinda fupi zaidi, kwa sababu mkunjo uliolazwa hupasuka. Tawanya marinda kila sentimita 4 au 5 kuzunguka bega badala ya kutegemea moja kubwa.

Kutanua ukingo ni rahisi mno, na ndiyo hatari yake. Mapigo ya nyundo ya chuma juu ya doli ya chuma hurefusha bati papo hapo. Gonga machache, pima, gonga tena.

Chuma laini cha tangi la kawaida huvumilia kazi yote bila kuhitaji moto. Ukisikia pigo linarudisha mkono na bati halisogei tena, limekakamaa: lipashe hadi wekundu hafifu unaoonekana kivulini, uliache lipoe lenyewe. Alumini haionyeshi rangi kabla ya kuyeyuka kwenye nyuzi 640 hadi 660 hivi za Selsiasi, kwa hiyo ipake masizi kwa moto wa asetilini usio na oksijeni ya kutosha, kisha rekebisha moto uwe wa kawaida na uyaunguze masizi taratibu. Yanapotoweka, alumini imelainika. Ukiendelea na moto baada ya hapo, utaona tundu.

Kusawazisha

Umbo likishalala kwenye kalibu na chaki ikigusa kila kibao, ndipo unafuta matuta. Shika doli yenye mgongo unaokaribiana na mpindo wa bati, uikandamize kwa ndani, gonga kwa nje kwa nyundo ya bodi, kwa wepesi. Sikiliza: pigo lililoangukia juu ya doli hulia kwa sauti kali na fupi, lililoikosa hutoa sauti butu. Sauti kali hutanua kidogo na kusawazisha. Sauti butu hushusha tuta bila kutanua, mradi doli iwe imesukuma bonde lililo jirani.

Paka uso wino mweusi wa kalamu nene, kisha pitisha tupa ndefu kwa wepesi, mshazari. Panapong'aa ni tuta, panapobaki peusi ni bonde. Tupa hapa ni ya kusomea. Ukiitumia kuondoa matuta unakula unene wa bati. Vaa glavu nyembamba ya kitambaa na upitishe kiganja chote: kupitia kitambaa, kiganja hukamata bonde ambalo kidole kitupu hulikosa.

Ubavu wa pili uulinganishe na wa kwanza kwa ngozi ya tepu. Funika ubavu uliokamilika kwa tepu ya karatasi isiyoshika sana, kisha juu yake safu mbili za tepu imara isiyovutika, zikikatizana. Chora mistari, bandua, paka unga wa poda upande wenye gundi. Igeuze ndani nje, uilaze juu ya ubavu wa pili. Inapolegea bati ni dogo, inapokaza bati limezidi. Ngozi hiyo hupima eneo, na violezo vya kadibodi hupima mpindo. Tumia vyote viwili.

Kuchomelea

Kata kingo zikutane uso kwa uso bila mwanga kupita. Mwanya wa milimita moja kwenye bati la milimita moja unaalika tundu, na unavuta bati zaidi linapopoa. Safisha sentimita 3 kila upande, ndani na nje, kwa asetoni, kisha iache ikauke kabisa. Usitumie kamwe dawa ya kusafishia breki yenye klorini: ikikutana na joto la kuchomelea inaweza kutoa fosijini, gesi inayoua.

TIG ndiyo bora kwa tangi. Kwa chuma cha milimita 1: tungsteni ya milimita 1.6, ampea 30 hadi 40, waya wa kujazia wa milimita 1.0 au 1.2, gesi ya argoni lita 6 hadi 8 kwa dakika. Gesi ya oksijeni na asetilini kwa nozeli ndogo pia hutoa mshono laini unaogongeka vizuri. MIG, yaani mashine inayolisha waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 hufanya kazi, lakini mshono wake huinuka juu na ni mgumu; ukiusaga uwe bapa, vitundu vilivyojificha hujitokeza. Ukiwa na MIG tu, acha mshono usimame kidogo badala ya kuusaga hadi kwenye bati.

Shikiza kwanza. Weka kidoa, yaani tone dogo la kuchomelea, katikati, kisha cha kila mwisho, kisha gawa nusu kwa nusu mpaka vidoa viachane sentimita 2 au 2.5. Baada ya vidoa vichache simama, ulinganishe kingo, na ugonge kila kidoa juu ya doli mara moja au mbili. Sababu ni hii: chuma kilichoyeyuka husinyaa kinapopoa, na kinavuta bati lililo kando yake. Pigo juu ya doli hukirudishia urefu uliopotea. Ukiruka hatua hii, mshono mzima utakuwa mfupi kuliko bati linalopakana nao, na ubavu utabonyea kando yake.

Choma vipande vya sentimita 3 hadi 5, ukiruka huku na huku, ukisubiri pawe pa kugusika kwa mkono. Kisha saga mgongo wa mshono ubaki umeinuka kama nusu milimita, uugonge juu ya doli kwa urefu wote.

Ukiubonyeza ubavu kwa kidole gumba nao ukazama kwa mlio na kurudi kwa mlio, eneo limelegea. Tafuta kwanza kama mshono wa jirani umesinyaa. Ugonge utanuke, na mara nyingi mlio huisha. Usipoisha, pasha doa la upana wa milimita 10 katikati ya ulegevu hadi wekundu, ligonge kwa wepesi kulizunguka, kisha lipoze kwa kitambaa kibichi. Doa moja, subiri, jaribu. Kwa alumini njia hii ya wekundu haifai.

Shingo, koki, handaki na vishikizo

Haya yote yafanyike kabla sakafu haijafungwa. Shingo ya kifuniko ishuke ndani ya tangi milimita 20 hadi 25, ili hewa ibaki juu na petroli ipate nafasi ya kutanuka juani. Ikikosekana nafasi hiyo, tangi lililojazwa asubuhi litatoka jasho la petroli mchana. Chomelea shingo kifuniko kikiwa kimeondolewa, lakini bana ndani yake kipande kizito cha chuma kinachoizuia isipinde. Pikipiki yenye pampu ndani ya tangi inahitaji uangalifu zaidi: pete ya pampu ifungwe kwa boliti zake zote kwenye bamba nene wakati wa kuchomelea, kwa sababu pete iliyopinda hata nusu milimita huvuja kwenye mpira wake.

Usikate shingo ya tangi la zamani kwa grainda. Tangi lililowahi kubeba petroli, hata likionekana limekauka kwa miaka, bado lina mvuke unaoweza kulipuka. Shingo mpya iliyokerezwa ni salama zaidi. Ikibidi kutumia ya zamani, safisha tangi kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, lijaze maji hadi karibu na pa kukatia, ukate kwa msumeno wa mkono.

Kitako cha koki kikae chini kuliko sehemu yoyote ya sakafu pikipiki ikiwa imesimama wima. Handaki huugawa upande wa chini kuwa mifuko miwili, kwa hiyo petroli ya upande usio na koki haitatoka. Weka koki mbili, au unganisha mifuko hiyo kwa bomba la mpira la petroli linalopita chini ya fremu. Pima nyuzi za skrubu za koki uliyonayo kabla ya kukereza kitako. Saizi hutofautiana sana kati ya pikipiki na pikipiki.

Kwa tangi refu, weka ukuta mmoja wa ndani unaokata upana wake, wenye matundu ya milimita 25 na nafasi wazi chini, ili petroli isirukeruke unapofunga breki. Ukuta huo pia hukaza mbavu.

Vishikizo vyote viwe na mpira. Mbele, vikombe viwili vya mpira kando ya handaki. Nyuma, sikio moja lenye boliti iliyopita ndani ya mpira. Chini ya kila kishikizo weka bamba la milimita 2 lenye kona za mviringo, uchomelee kulizunguka lote. Sikio lililochomelewa moja kwa moja kwenye bati la milimita 1 hupasua bati kwa mtikisiko, na ufa hutembea kutoka kwenye kona kali ya sikio.

Kupima uvujaji

Hapa ndipo matangi mazuri huharibiwa kwa pigo moja la hewa ya kompresa. Shinikizo la bar 0.15 tu kwenye ubavu wa sentimita 30 kwa 20 ni msukumo wa takriban kilo 90. Ukifungulia kompresa, tangi litavimba kabla hujafika kwenye swichi, na halitarudi.

Tumia bomba la plastiki linaloonyesha ndani, lenye umbo la U, ulifunge ukutani, kila mguu mita 1.6, lijazwe maji hadi nusu. Mguu mmoja uunganishe na tangi kupitia kitako cha koki, pamoja na pampu ya baiskeli. Mwingine ubaki wazi juu. Piga pampu polepole mpaka tofauti ya maji ifike mita moja, ambayo ni karibu bar 0.1. Shinikizo likizidi, maji humwagika nje na tangi linapona.

Paka maji ya sabuni kwenye kila mshono kwa brashi, ukitazama ukiwa na taa. Tundu kubwa hutoa mapovu papo hapo. Tundu la sindano hujenga povu dogo jeupe baada ya dakika moja au mbili, kwa hiyo usiwe na haraka. Kisha funga pampu na uangalie usawa wa maji kwa nusu saa, tangi likiwa kivulini, maana joto la jua pekee linabadilisha usomaji. Palipovuja, saga hadi chuma safi, chomelea upya, pima tena. Kuliziba tundu kwa kuligonga kunalifunga leo tu.

Jaribio la mwisho, baada ya hewa kukubali, ni mafuta ya taa. Paka chokaa iliyokorogwa na maji nje ya mishono, iache ikauke iwe nyeupe, weka lita moja ya mafuta ya taa ndani na uligeuze tangi kila upande, ukiliacha saa kadhaa kila mara. Mafuta ya taa hupenya pale ambapo maji hayapiti, na doa jeusi kwenye chokaa litakuonyesha. Likitokea, tangi lioshwe kabisa kwa maji ya moto na sabuni kabla ya moto kulisogelea tena.

Tangi likishafaulu, lisafishe ndani kwa asidi ya fosfori iliyopunguzwa, lisuuze, ulikaushe mara moja kwa hewa ya uvuguvugu, kisha tikisa ndani yake mafuta kidogo ya injini kama halitatumika wiki hiyo. Rangi ya ndani ya kuzibia ni ya kuzuia kutu tu. Ukiitegemea kuziba mshono unaovuja, itabanduka siku moja na kuziba koki, na hutaweza kuchomelea tena bila kuiondoa yote.

Kwa nje, puti isizidi milimita 1 hadi 2. Palipozidi, rudi kwenye doli kama mkono bado unafika. Funga tangi kwenye pikipiki kabla ya kupaka rangi, ujaze petroli nusu, uendeshe, kisha chungulia handaki kwa taa: alama yoyote ya kung'aa kwenye bati au fremu ina maana zinagusana, na panahitaji mpira mnene zaidi au nafasi zaidi sasa hivi. Baada ya hapo toa petroli yote, osha, kausha, na uanze na praima.